Neno la Daktari Kwenye Daftari Lako

Bonga, Alhamisi, saa tisa mchana.

Veronika,

Usitegemee nianze kwa kukuuliza hali. Hali yako naiona kila siku unapopita mbele yangu kana kwamba hapa hakuna mtu. Wiki tatu sasa hujaniamkia. Unaamka, unafagia, unachota maji, unaniwekea chai mezani bila neno, kisha unatoka. Sikujua kama mtoto wa miaka ishirini anaweza kukaa wiki tatu chini ya paa la mama yake bila kumwambia shikamoo. Sasa nimejua.

Naandika kwa sababu kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma kwenda chuoni, na kwa sababu tukianza kuongea tutagombana. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulitoka nje wewe, mara ya pili nilitoka mimi. Sasa umeenda mjini kushonesha zipu ya begi, nami nimepata nafasi.

Sikuambii habari za vidonge vyako. Unavijua kuliko mimi, na baada ya mambo utakayosoma hapa sina haki ya kukufundisha vidonge. Sikuambii ule nini, uvae nini wala ukae na nani. Na sikuombi radhi katika ukurasa huu, kwa hiyo usiruke mbele kuitafuta.

Kwanza ya jana.

Akina mama wa jumuiya walikuja kukuombea safari. Nilikuwa nimewapikia tangu asubuhi. Sala ilikuwa imekwisha, watu wameshaanza kunywa chai, Mama Joshua akakuuliza kwa upole wake kama una neno lolote la kumwambia mama yako kabla hujaondoka. Ukasimama. Ukapandisha mkono wa kushoto wa blauzi yako taratibu mpaka begani, wote wakaona lile kovu lilivyokunja ngozi kuanzia kwenye kiwiko. Ukasema, "Mkono huu mmeuona kanisani miaka yote. Mama aliwaambia hospitali ilikosa dawa. Dawa zilikuwepo. Ni yeye aliyeziacha." Ukaketi, ukachukua andazi. Hukulila, ulilishika tu.

Nilitamani kukupiga mbele yao. Nakuambia hivyo ujue nilivyo. Mama Joshua aliweka kikombe chini, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Hakuna aliyeniaga kwa kunitazama usoni.

Ulichosema ni kweli. Lakini hukukisema ili ukweli ujulikane. Ulikisema ili uniumize mahali ambapo nisingeweza kujibu. Nalijua hilo kwa sababu mimi nami ndivyo ninavyofanya nikikasirika, na hukujifunza kwa mtu mwingine. Sijakusamehe ya jana. Nawe hujanisamehe ya mkono. Tumebaki hivyo, na barua hii haikuja kubadilisha.

Imekuja kukueleza ilikuwaje. Ulilosoma kwenye daftari la zamani la hospitali ni mstari mmoja tu ulioandikwa na nesi: mama aliacha dawa mwenyewe. Wiki tatu zilizopita ulikuwa unatafuta cheti chako cha kuzaliwa kwenye sanduku langu, ukapata huo. Nesi aliandika kweli. Ila hakuandika kwa nini, kwa sababu sikumwambia. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia.

Ulianza kuanguka ukiwa na miaka sita. Mara ya kwanza ilikuwa uani hapa, unakimbiza kuku, nikadhani umejikwaa. Mara ya pili ilikuwa shuleni, na mwalimu wako aliwatoa watoto wote nje ya darasa akawaambia wasikanyage povu lako. Alinirudishia begi lako kupitia dirishani. Akasema, "Mama Vero, huyu kaa naye kwanza nyumbani." Kwanza yake ikawa miaka mitatu. Baba yako wakati huo alikuwa ameshahamia Kiteto kulima, akanitumia ujumbe kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huo. Maana yake umeutoa kwangu. Hakurudi kuuangalia, wala kukuangalia wewe. Siku hizi anakupigia simu na unamwamkia vizuri kabisa, nasikia kupitia ukutani.

Nilikupeleka hospitali. Ukapewa vidonge, na miezi mitano hukuanguka. Nilifurahi kijinga. Niliwaambia watu kanisani umepona. Halafu Jumapili moja ukaanguka katikati ya misa, karibu na kwaya, mbele ya wale wale niliowaambia. Nilikubeba mpaka nje na sikurudi ndani.

Jumanne yake tukaenda kliniki. Daktari alikuwa kijana, ana foleni ndefu, hakuwa mkali wala mpole. Alikuangalia machoni, akaniuliza maswali mawili matatu, akaandika kwenye daftari. Nikauliza, "Daktari, atapona lini?" Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa sugu. Ataendelea na dawa." Akaita mwingine.

Maneno yalikuwa mawili. Ugonjwa sugu, na ataendelea na dawa. Mimi nilitoka na la kwanza tu.

Wewe umesoma, kwako sugu ni neno la kwenye kitabu. Mimi ni mkulima. Nilipolisikia nilitazama viganja vyangu. Sugu ni hii ngozi ngumu inayoota ukishika jembe miaka mingi. Unaweza kuichoma mwiba usisikie. Unaweza kuikata kidogo kwa kisu usione damu. Nikasimama pale nje ya mlango wa daktari nikajiambia, kumbe ugonjwa wa mwanangu umeota sugu, dawa inapita juu yake haiusikii. Tena watu wanasema mwizi sugu, mlevi sugu, yule ambaye ameonywa na kufungwa na bado harekebiki. Hilo ndilo nililosikia. Ungekuwa mimi ungesikia nini?

Ningerudi ndani niulize. Kulikuwa na mlango tu kati yangu na yeye. Lakini nilikuwa nimeona jinsi alivyomjibu mama mmoja aliyerudi kuuliza, nikaogopa kuonekana mjinga. Nina umri wa kutosha kukuambia hili bila kupamba: sehemu kubwa ya mabaya niliyofanya maishani sikuyafanya kwa ubaya. Niliyafanya kwa kuogopa kuonekana mjinga na watu ambao hata majina yangu hawakuyajua.

Badala ya kumuuliza aliyeandika, nikaenda kumuuliza asiyeandika. Unamkumbuka Mzee Leonsi, aliyekuwa anakaa karibu na mashine ya kusaga. Hapa Bonga yeye ndiye alikuwa Mzungu wetu. Aliendesha lori miaka mingi kwenye shamba moja la Mzungu kule bonde la Kiru, na mtu akipata barua ya Kiingereza alikuwa anampelekea. Nilimkuta anachonga mpini. Nikamfungulia daftari. Alivaa miwani, akalisoma neno aliloandika daktari kwa sauti, herufi moja moja. C, h, r, o, n, i, c. Akatikisa kichwa.

"Mama Vero," akasema, "hili neno nalijua sana. Yule bwana wangu alikuwa akilisema kila siku. Lori likikataa kuwaka, chronic. Barabara ikiharibika, chronic. Mpishi akiunguza chakula, chronic. Siku injini ilipopasuka kabisa alipiga boneti teke akasema, chronic! Lori lile halikuwaka tena."

"Kwa hiyo maana yake nini, mzee?"

Akavua miwani. "Ni kitu kibaya kisichofaa tena. Pole mama."

Hakunidanganya. Alinipa alichokuwa nacho. Yule Mzungu wake alikuwa analitumia neno hovyo, kama watu wengi wa kwao wanavyolitumia kwa kila kinachowaudhi, na mzee wa watu akalipokea hivyo hivyo, akalitunza miaka yote kama kitu cha thamani. Amekufa bila kujua. Nilihudhuria maziko yake, nikapika na wenzangu, na nilikuwa na hasira naye mpaka wanamshusha. Hasira ile haikuwa haki yake.

Basi nilirudi nyumbani nikiwa na ushahidi wa watu wawili. Kwa Kiswahili umeota sugu, kwa Kiingereza umeharibika kabisa. Jioni hiyo sikukupa kidonge. Ulikuja mwenyewe na kikombe cha maji, umezoea, ukafungua mdomo. Nikakuambia, "Leo hakuna." Kesho yake ukaja tena na kikombe. Siku ya tatu hukuja.

Vidonge vilivyobaki nilivitupa chooni. Nilikuwa nakupenda, Veronika, lakini nilikuwa nimechoka nawe pia, na nataka ulijue hilo kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Nilichoka kuketi karibu nawe nikisubiri uanguke. Nilichoka kwenda na wewe shambani, kisimani, kanisani, sokoni, na watu kunipisha njia. Daktari aliposema sugu, sehemu moja ya moyo wangu ililia na sehemu nyingine ilitua mzigo, kwa kuwa sasa hakukuwa na la kufanya. Ile sehemu ya pili ndiyo iliyotupa vidonge.

Miezi kumi na minne ulikuwa unaanguka, mara kila wiki, mara kila siku. Ukiniuliza nilikuambia dawa zimekwisha hospitali. Jirani akiniuliza nilimwambia hivyo hivyo.

Siku ya makande huikumbuki, najua. Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa nje napeta mbaazi, sufuria ipo kwenye mafiga. Nilisikia mlio wa sufuria kabla ya kusikia mlio wowote wako, na mpaka leo sijui kama ulilia. Nilipoingia mkono wako wa kushoto ulikuwa motoni, na wewe hukuwepo, macho yalikuwa yamegeuka. Nilikuvuta. Mambo mengine ya siku ile yatabaki kwangu.

Wodini kulikuwa na nesi mmoja mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kukemea. Alisoma daftari lako kuanzia mwanzo, wakati wewe umelala umefungwa bandeji. Akaniita pembeni.

"Huyu mtoto alikuwa kwenye dawa. Nani alikuambia uache?"

Nikafunga khanga yangu upya.

"Nimekuuliza, mama. Nani?"

"Niliacha mwenyewe."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ningesema neno lile. Ningesema, daktari alisema sugu. Angenieleza mara moja, pale pale, na huenda angenionea huruma. Nikaona bora nionekane mama mbaya kuliko mama mjinga. Nikasema, "Basi tu." Akachukua kalamu, akaandika ule mstari ulioukuta sandukuni. Ulirudishiwa vidonge siku ile ile. Walikuongezea kidogo. Tangu hapo, ukiacha ile mara moja ulipokuwa kidato cha kwanza, hukuanguka tena.

Fikiria nilivyokuwa naishi. Kila jioni unameza kidonge, kila asubuhi unaamka mzima, na kila siku moja ya uzima wako ilikuwa inaniambia kwamba ugonjwa ulikuwa unasikia dawa wakati wote. Ungeendelea kuanguka ningepumzika. Ulivyozidi kuwa mzima ndivyo nilivyozidi kukuogopa.

Ndiyo sababu ya ile siku ya kamusi.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulirudi na kamusi kubwa ya Kiingereza uliyoazima maktaba ya shule, umeikumbatia kwa mkono mmoja. Uliketi mlangoni, mimi nachambua maharage, ukaanza kunisomea kama wakili. "Mama, nimelipata lile neno la kwenye daftari langu jipya la kliniki. Linatoka kwa Wagiriki. Kwao khronos ni wakati. Likaingia Kilatini, likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza. Ugonjwa ukiwa chronic maana yake ni wa muda mrefu. Basi! Halisemi hautibiki, halisemi ni mbaya kuliko mwingine. Hata mafua yakikaa sana yanaweza kuitwa hivyo. Linasema muda tu." Ukacheka. Ulikuwa unafurahi. Ukasema, "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa wa wakati." Kisha ukanitazama bila nia yoyote mbaya, ukaniuliza, "Wewe ulidhani maana yake nini?"

Nilisimama nikakunyang'anya kamusi, nikairusha uani kwenye tope. Nikakuambia uache kuleta uchafu wa shule nyumbani kwangu, ukachote maji. Uliokota kurasa zilizokatika, ukazianika juu ya mabati. Shuleni walikuadhibu. Hukuwaambia aliyeitupa, na hukuwahi kuniuliza tena kwa nini. Wala hukuwahi tena kuketi mlangoni kunisomea kitu.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe nimekufundisha kwamba ukiniletea jambo la furaha unaweza kupigwa nalo.

Nimelifikiri sana lile neno lako la Wagiriki tangu siku hiyo, kuliko unavyodhani. Neno letu la sugu linanionyesha kitu kigumu, kilichofungwa, kisichosikia. Neno lao linanionyesha siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mimi nilitaka ugonjwa wako uwe na mwisho. Nilitaka daktari aniambie mwezi fulani atapona, nipange foleni mpaka mwezi huo, niachane na hospitali. Nilikuwa tayari kukuuguza kwa nguvu zote kwa mwaka mmoja. Sikuwa tayari kukuuguza kidogo kidogo kila jioni bila kujua ni mpaka lini. Hilo lilinishinda. Wewe umeliweza tangu ukiwa na miaka minane na hukuwahi kulitangaza. Nimekuonea wivu kwa hilo, mtoto wangu wa kumzaa. Cheka ukitaka.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo jana hukulisema mbele ya jumuiya kwa sababu hulijui.

Wiki ile ile niliyotupa vidonge vyako nilikwenda mashine ya kusaga. Nikamkuta mwanamke mmoja wa Mutuka, Mama Resti, tuliyezoeana naye kwenye benchi la kliniki. Binti yake Restituta alikuwa rika lako na ugonjwa wake ulikuwa kama wako. Akaniuliza kama Jumanne tutakwenda pamoja. Nikamwambia, "Usijisumbue. Huu ugonjwa ni sugu. Nimeulizia mpaka kwa Kiingereza. Dawa haiusikii, wanatusumbua tu kutupanga foleni." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilipenda kuonekana najua. Akaniamini. Alinishukuru, Veronika. Alinisaidia kujitwika unga.

Ulipoungua na kurudishiwa dawa, Jumanne ya kwanza tuliyorudi kliniki nilimtafuta kwenye mabenchi yote. Hakuwepo. Jumanne nyingine hakuwepo. Nilijua ni kwa nini, na unajua nilifanya nini? Nilishukuru kwamba hayupo. Kumtafuta mpaka Mutuka kulimaanisha kumweleza, na kumweleza kulimaanisha siku moja wewe ungesikia. Mara moja nilimwona mnadani, nikageuka nikajificha nyuma ya mahema ya nguo za mitumba mpaka akapita. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye mji mmoja na mwanamke huyo nikimkwepa.

Jana ulipopandisha mkono wa blauzi, nilipokuwa nakuchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, ndipo nilipomkumbuka yeye. Nilijiambia, huyu amesema ya kwake, sasa hakuna siri ya kulinda. Sikulala vizuri. Leo asubuhi, ulipodhani nimeenda shamba, nilikwenda Mutuka.

Niliuliza njia mara tatu. Nilipofika nilimkuta msichana ameketi uani kwenye gunia, anapukuchua mahindi. Meno ya mbele hana. Ana kovu kwenye paji la uso na jingine kidevuni. Amefungwa kitambaa kichwani kama mtoto, na ni mtu mzima, ana umri wako. Akainua uso, akasema polepole sana, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Nikamuuliza anasoma wapi. Akasema hajawahi kusoma.

Mama yake akatoka ndani, akanikumbuka mara moja, akafurahi. "Mama Vero! Umepotea! Karibu kiti." Akaniletea kigoda chake, yeye akaketi chini na ungo wa maharage. Aliniuliza habari zako. Nikasema kesho unakwenda chuo, kusomea ualimu. Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Vero huyu huyu aliyekuwa anaanguka?"

"Huyu huyu."

"Aliombewa wapi?"

Nikamwambia hukuombewa popote. Nikamwambia ni vile vidonge. Nikamwambia nilikosea, kwamba sugu alilosema daktari maana yake ni ugonjwa wa muda mrefu, na kwamba ulikuwa unasikia dawa tangu mwanzo. Nilisema haraka kama mtu anayetapika.

Akasema, "Rudia."

"Nilikuambia vibaya pale mashineni. Dawa inasaidia."

"Na wewe ulijua lini?"

"Vero alipoungua."

"Hiyo ni lini?"

"Miaka kumi na miwili."

Alisimama. Maharage yalimwagika, hakuyatazama. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Akasema kwa sauti ndogo, "Toka kwenye kigoda changu."

Nikatoka.

"Huyu amekatika ulimi mara mbili," akasema. "Ameangukia kisima cha jirani. Nimemfunga kamba kiunoni nikienda shamba ili asitoke. Miaka yote nimesema ni Mungu. Na wewe ulikuwa Bonga. Hapo Bonga tu, unakula, unalala."

Nilisema lile nililokataa kukuandikia kwenye ukurasa wa kwanza. Nilimwambia anisamehe. Akasema, "Ondoka kwangu." Resti alikuwa ameacha mahindi anatutazama, mara mimi, mara mama yake. Nadhani alikuwa ameelewa yote.

Nilivuka uzio nikashika barabara. Nililia, lakini usinihurumie, nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa uchungu, na hizo ni mbili tofauti. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya shamba la mbaazi niliposikia anaita nyuma yangu.

"We mama!"

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye uzio wake, hakunikaribia.

"Hiyo kliniki bado ni Jumanne?"

"Bado ni Jumanne."

"Saa ngapi?"

"Wanaanza saa mbili asubuhi. Ukichelewa foleni inakuwa ndefu."

"Usinipitie hapa," akasema. "Sitaki kutembea na wewe. Tutakutana huko huko." Akarudi ndani.

Ndivyo ilivyo, Veronika. Nimekuandikia kwa sababu nilitaka ulisikie hili kwangu kwanza, wala usilikute sandukuni kama lile lingine. Ukitaka kurudi siku moja ukalisema mbele ya jumuiya, huna haja. Jumapili nitalisema mwenyewe, na ile ya mkono nitairudia kwa mdomo wangu.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako ukirudi nalo. Usinijibu kwa hasira, na usinijibu kwa huruma. Kama huna jibu lingine, kaa kimya, tumeshazoea.

Jumanne wewe utakuwa darasani. Mimi nitawahi kliniki kabla hakujajaa, niwashikie nafasi mbili kwenye benchi, na wakifika nitasimama ili waketi.

Mimi niliyekuzaa,

Mama Vero.